Shingo ya Baba

Saa ya kuona wagonjwa, lifti ya hospitali haina adabu. Watu wanaingia na vikapu, na chupa za chai, na mashuka, na hasira zao. Jumatano ile ilijaa mpaka mlango ukawa unafungika na kufunguka kama mtu anayepiga miayo, na katikati ya msongamano walisimama wawili wasiojuana, pua ya mmoja kwenye bega la mwenzake.

Msichana alikuwa wa chumba cha picha, yule anayewapaka watu jeli na kuwapitishia kichwa cha mashine ya altrasaundi. Sare yake ya samawati ilipigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, raba zake nyeupe hazikuwa na doa, na macho yake hayakupanda juu ya vifungo vya watu. Kifuani alikumbatia chupa ya jeli kama mtoto mchanga. Kijana alikuwa mrefu, shati la mistari myembamba, mkoba wa ngozi begani, na harufu ya mnanaa ikimtangulia. Alikuwa kinyozi. Kila Jumatano alipita wodini kuwanyoa wagonjwa wasioweza kushuka kitandani, na hospitali nzima ilimwita Wembe.

"Dada, unaniegemea au unanisukuma?" akauliza.

"Nasukumwa, kaka. Samahani."

"Usiombe samahani. Nilitaka kujua tu, ili nijue nikae vipi."

Watu wakacheka. Lifti ikashtuka, mkoba ukafunguka, jeli ikamponyoka msichana, chupa mbili zikaviringika miguuni mwa watu. Zote nyeupe, zote hazina karatasi ya jina. Wakaokota kwa haraka, kila mtu chupa yake. Kijana akashuka ghorofa ya pili, msichana ya tatu.

Haikupita nusu saa, mama mjamzito akapiga ukelele.

"Wewe dada! Umenipaka nini? Tumbo linapigwa baridi!"

Chumba kizima kilinuka mnanaa wa kunyolea. Ghorofa moja chini yake, wakati huohuo, mzee wa kitanda cha saba alikuwa anajishika kidevu kwa mshangao. "Leo umenipaka dawa gani, kijana? Sijanyolewa hivi tangu nizaliwe."

Wembe alipanda ngazi tatu tatu, akagonga mlango wa picha.

"Nimeleta mali yako. Nimetumia kidogo."

"Chupa imebaki nusu."

"Mzee ana ndevu nyingi. Na ya kwangu?"

"Iko kwenye tumbo la mtu," alisema msichana, kisha akafunika mdomo. Lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka.

"Basi nitakuita Jeli."

"Nina jina langu."

"Nitalijua. Lakini hilo nimelitolea jasho, ngazi zote hizi."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Jeli alikuwa na aibu ya kusema ana kwa ana, ila simu ilimpa ulimi, na humo alimwita kijana Fundi.

"Jeli wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nitakula nikishakusikia unacheka."

"Basi utakufa njaa leo, nina wagonjwa kumi na wanne."

"Kumi na watano. Na mimi naumwa."

"Wapi?"

"Pale ambapo mashine yako haifiki."

Jumamosi walitembea. Jeli alivaa blauzi yake ya manjano, moja tu aliyoipenda, na Wembe alimpitisha mbele ya vioo vya maduka ili ajione. "Huyo dada wa kwenye kioo," alisema, "ana bahati. Yule kijana aliye naye ananukia vizuri."

Kikwazo kilikuwa Baba. Baba wa Jeli alikuwa mwalimu wa udereva. Alikuwa na gari dogo jeupe lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake, na mkono usiotulia. Akigonga dashibodi mara moja, ko, simama. Mara mbili, ko-ko, nenda. Alikuwa mjane, akiishi na binti yake na dada yake, Shangazi, na hata mezani aligonga: ko, chumvi imetosha, ko-ko, ongeza.

Wembe alipoletwa nyumbani, Baba hakumuuliza ukoo wala kazi. Alimtupia funguo.

"Mwanamume humjui sebuleni. Unamjua kwenye mteremko. Twende."

Wiki tano mfululizo Wembe hakuvuka gia ya kwanza. "Mzee, lini nitaingiza ya pili?" "Siku utakayokumbuka kufunga mkanda kabla sijakwambia." Lakini kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, mambo yaligeuka. Baba alikaa kwenye kiti barazani, taulo shingoni, na Wembe akawa mwalimu. Alimnyoa, akampangusa, kisha akafanya kile kilichompa sifa mjini: alishika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, akavuta kulia, kha! Akavuta kushoto, kha!

"Hapo sasa," alisema Baba, "naona vioo vyote viwili bila kugeuka."

Mwezi wa nne wa mapenzi yao, kalamu ilimdondoka Baba mkononi akijaza fomu ya mwanafunzi. Maneno yakamkwama. Dakika kumi tu, kisha yakarudi, akasema ni uchovu. Daktari wa zahanati hakuridhika, akaandika apimwe mishipa ya shingo. Jeli mwenyewe alimpokea, mchana, saa ya mapumziko.

Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Wembe alikuwa getini, akimsubiri.

Jeli alitafuta mafuta, yale yanayoganda kwenye kuta za mishipa ya watu wazima. Hakuona. Damu ilipita vizuri, mwendo wake wa kawaida. Simu ikatetemeka tena.

"Shingo safi, Baba. Kama bomba jipya."

"Nilikwambia. Nenda, mwenzako asije akaota mizizi pale getini. Ko-ko."

Jeli akampangusa jeli, akabadilisha sare, akashuka mbio na blauzi yake ya manjano. Daktari wa picha alitia saini yale aliyoandika Jeli, na Baba akarudi kwenye gari lake.

Miezi mitatu ikapita. Jumamosi moja Wembe alimnyoa Baba kama kawaida, kha ya kulia, kha ya kushoto. Jumapili asubuhi Baba alimimina chai pembeni ya kikombe. Shangazi akacheka, akidhani ni utani, mpaka alipoona upande wa kulia wa uso umeshuka kama pazia lililokatika kamba. Mkono wa kulia ulilala mezani. Alitaka kusema kitu, kikatoka kisichokuwa neno.

Kiharusi. Waliwahi hospitali, wakapewa kitanda, na Shangazi akapata sauti yake.

"Jana alikuwa mzima! Jana tu! Yule kinyozi wako amemshika shingo akaivunja kama ya kuku!"

"Shangazi, taratibu."

"Taratibu nini? Mtu wa miaka hamsini kasoro, hana sukari, hana presha, hajagusa sigara! Ugonjwa umetoka wapi? Umetoka mikononi mwa mtu!"

Jeli alisoma chuo. Alijua kwamba shingo ikivutwa vibaya, ukuta wa mshipa unaweza kuchanika kwa ndani. Alitoka kwenda koridoni, akatembea mpaka mwisho, akarudi, akatembea tena, ndipo akapiga simu.

"Jeli wangu! Mbona mapema? Umeniota?"

"Jana ulimvuta Baba shingo?"

"Kama siku zote. Kwa nini sauti yako iko hivyo?"

"Upande gani uliuvuta kwa nguvu?"

"Jeli, kuna nini?"

Akamwambia. Kijana akauliza taratibu, kama mtoto: "Ni mimi?"

Hapo ndipo palipotakiwa neno moja la huruma. Jeli alilitafuta. Badala yake akasema, "Sijui awe nani mwingine."

Simu ikakatika. Hakuna aliyejua nani alianza kukata.

Jumatano iliyofuata, wagonjwa walikaa na videvu vyao vya vichaka wakisubiri. "Wembe yuko wapi?" aliuliza mzee wa kitanda cha saba, aliyekuwa amelazwa tena. Wembe alikuwa kwa mjomba wake, muuza rangi, akichanganya makopo. Mkoba aliufungia kabatini. Mteja akiomba bluu ya bahari, yeye alitoa kijani. Akiomba krimu, ilitoka waridi. Hakuweza kukaa. Alipanga rafu, akazipangua. Mjomba alimtazama siku ya tatu akasema, "Mjomba, ama una mapenzi, ama una mchango wa tumbo."

Jeli naye alihesabu hatua za korido: arobaini na sita kwenda, arobaini na sita kurudi. Alifungua simu, akaandika "Uko", akafuta. Akaandika "Samahani", akafuta. Baba alimtazama kwa jicho linalouliza. Kila nesi alipokuja na mashine ya kunyoa, Baba alisukuma mkono wake na kugonga chuma cha kitanda kwa mkono wa kushoto. Ko.

Jumatatu, siku ya tisa, daktari wa kiharusi alimwita. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye maneno machache na miwani iliyofungwa kwa kamba. Baba alikuwa amepitishwa kwenye mashine kubwa ya CT, ile ya kuchomwa sindano ya dawa ili mishipa ionekane.

"Wewe ni wa picha. Sogea uone. Unaona mpasuko?"

Jeli alitazama mshipa wa kushoto kuanzia chini hadi juu. Ukuta ulikuwa mzima. "Sioni."

"Kwa sababu haupo. Sasa tazama hapa, mshipa unapogawanyika."

Kwenye ukuta wa nyuma kilichomoza kitu chembamba, kikaingia ndani ya njia ya damu. Kama rafu ndogo, au ukingo wa ukucha.

"Ni utando," alisema daktari. "Si mafuta, si jeraha. Ukuta wenyewe umeota hivyo, na huenda amekuwa nao maisha yake yote. Ni nadra, na huwakuta watu ambao hawana sababu nyingine yoyote. Damu ikipita, nyingine inabaki inazunguka nyuma yake, kama maji kwenye kona ya mfereji. Inalala, inaganda. Siku bonge likichomoka, linapanda kichwani."

"Na… kuvutwa shingo?"

"Huyo anayevuta watu shingo aache, leo hii. Siku moja atampasua mtu kweli. Lakini huyu hakumpasua." Akavua miwani. "Utando tunautoa Alhamisi. Ukibaki, utatupa bonge jingine. Mtayarishe baba yako, anyolewe shingo na kidevu. Nesi ananiambia anapigana."

Jeli hakwenda wodini. Miguu ilimpeleka chumba cha picha. Alifungua kumbukumbu za mashine, akatafuta picha za shingo ya Baba za miezi mitatu nyuma. Picha ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu, kwenye ukuta wa nyuma, palikuwa na mstari mwembamba kuliko uzi. Siku ile aliudhani kivuli. Angegeuza kichwa cha mashine kidogo tu, autazame kwa upande wa pili, mstari ungebaki pale pale na angejua si kivuli. Pembeni mwa picha palikuwa na saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Dakika saba. Kipimo kile huchukua ishirini.

Alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa, akalia bila sauti, kisha akanawa uso na kurudi kwa daktari, akamwambia yote.

Daktari alitazama ile picha ya tatu kwa muda mrefu. "Wengi huupita," alisema. "Lakini wewe ulipita mbio. Andika. Andika ulivyofanya na ulichokiacha, ibandikwe kule kwenu, ili mwingine ageuze mkono. Na mwambie baba yako. Haongei, lakini anasikia."

Alimwambia. Alipiga magoti kando ya kitanda, akasema dakika zilikuwa saba, Baba, nilipaswa kuweka ishirini. Baba alimsikiliza, mdomo ukihangaika. Mwishowe aliinua mkono wa kushoto, akauweka juu ya kichwa chake, akauacha hapo. Shangazi, aliyekuwa kwenye kiti akisikia kila kitu, aliokota mtandio wake ulioanguka, akaukung'uta ingawa haukuwa na vumbi.

"Basi yule kijana wa watu nimemtukana bure," alisema.

Jumanne mchana Jeli alisimama mlangoni pa duka la rangi. Alivaa sare, hakuthubutu kuvaa manjano. Wembe alikuwa anakoroga kopo, ndevu zimemwota ovyo. Hakunukia mnanaa.

"Shikamoo, mjomba," Jeli alimwamkia mwenye duka.

"Marahaba, binti. Kama umekuja kununua rangi, usimwachie huyu achanganye." Akaingia stoo na kufunga mlango, kwa heshima.

"Baba yako?" aliuliza Wembe. Aliuliza haraka, kama mtu aliyelala na swali hilo mdomoni.

"Yupo. Keshokutwa anapasuliwa. Fundi, si wewe."

Kijiti cha kukorogea kikasimama.

Akamweleza utando, na mfereji, na bonge la damu. Kisha akasema, "Na mimi niliuona, nikaupita. Siku ile uliponisubiri getini. Nilifanya kwa dakika saba."

"Nilipiga simu mara nne siku ile," alisema Wembe polepole.

"Simu zilikuwa zako. Mkono ulikuwa wangu."

"Siku tisa, Jeli." Sauti yake ilipanda. "Siku tisa sijagusa shingo ya mtu. Hata yangu, ona nilivyo! Nikifumba macho nasikia kha. Umewahi kuwa muuaji siku tisa?"

"Hapana. Nilikupa wewe hicho cheo." Machozi yalikuwa yanashuka, lakini safari hii hakuinamisha macho. "Nadhani hata nilipokupigia ile simu, kuna mahali ndani yangu palijua niliharakisha. Nilitaka awe mtu mwingine. Yeyote, asiwe mimi."

Wembe akaanza kukoroga tena. Rangi ilizunguka, ikazunguka.

"Baba anakataa kunyolewa na mtu," alisema Jeli. "Asiponyolewa, hawawezi kumpasua salama. Nesi wa kwanza kasukumwa, wa pili kagongewa ko."

"Nenda, Jeli."

"Fundi…"

"Nimesema nenda. Nina rangi ya watu hapa."

Akaenda. Usingizi haukumjia vizuri, na asubuhi hatua za korido zilikuwa bado arobaini na sita.

Saa sita mchana wa Jumatano, lifti ilifunguka ghorofa ya pili. Kwanza likaja kundi la watu na vikapu, kisha harufu ya mnanaa. Wembe alikuwa amejinyoa. Alijikata sehemu mbili.

"Daktari amekataza wembe," nesi alimwambia. "Ngozi isikwaruzwe. Mashine tu."

"Sawa, dada. Leo nimekuja na jina tu."

Shangazi alisimama. "Kijana, nilikuita mvunja kuku. Neno langu nimelirudisha. Ila shingo hiyo ishike kama yai."

"Ndiyo, Shangazi."

Alitandika taulo. Akawasha mashine. Akaizima. Akaiwasha. Ile shingo ilikuwa mbele yake, mshipa ukipiga chini ya ngozi, na ndani yake kile kitu kisichoonekana. Akarudi hatua moja nyuma.

"Mzee, siwezi. Nisamehe."

Baba alimtazama. Mkono wa kushoto ukapanda polepole mpaka kwenye chuma cha kitanda.

Ko-ko.

Wembe akafuta macho kwa mkono wa shati, akasogea. Alinyoa kidevu, akashuka taratibu, akazunguka pale pa kushoto kana kwamba kuna mtoto amelala. Jeli hakupumua. Mashine ilipozimwa, mikono ya kinyozi, kwa mazoea ya miaka, ikapanda yenyewe: mmoja kidevuni, mwingine kisogoni.

Nesi akaganda. Shangazi akashika ukuta.

Wembe akajitazama mikono kama si yake. Akaishusha, akachukua taulo na kumpangusa Baba nyuma ya masikio. Baba akainua nyusi, akimdai.

"Hapana, mzee," alisema Wembe. "Ile huduma nimeifunga. Kwa wateja wote, mpaka kaburini."

Baba akatoa sauti. Haikuwa neno, lakini kila mtu alijua ni kicheko.

Jeli alimsindikiza hadi lifti. Ilikuja imejaa, wakaiacha. Ikaja nyingine imejaa, wakaiacha nayo.

"Bado nina hasira," alisema Wembe.

"Najua."

"Inaweza kuchukua muda."

"Chukua. Mimi sasa sina haraka."

Akamtazama, yule msichana wa raba nyeupe, macho yake yakiwa yamepanda juu ya vifungo. "Unaniegemea au unanisukuma?" akauliza.

"Nakuegemea," alisema Jeli. "Kama utakaa."

Akakaa.

Alhamisi upasuaji ulichukua saa tatu. Utando ulitoka, mwembamba kama ganda la kitunguu. Jumamosi Baba aliketi kitini dirishani, bandeji shingoni, vidole vya kulia vikianza kucheza kidogo kidogo. Wembe aliingia na shati la mistari lililopigwa pasi, akasimama mbele yake kama mwanafunzi siku ya mtihani. Jeli alikuwa nyuma yake, amevaa blauzi ya manjano.

"Mzee," alisema, "gari bado halijaniingia. Gia ya pili siijui. Lakini naomba unipe ruhusa ya kumwoa binti yako."

Baba aliwatazama wote wawili. Akanyanyua mkono wa kushoto, akagonga mkono wa kiti.

Ko.

Wakasubiri. Hakukuja kingine.

"Masikini," alinong'ona Shangazi. "Amekataa."

Lakini Baba alikuwa anatikisa kichwa, taratibu, kwa kuogopa bandeji. Midomo ilikuwa inahangaika, ikitafuta. Jasho likamtoka. Wembe akapiga goti ili asikie vizuri, Jeli akainama juu ya bega lake. Neno lilikuja, likarudi, likaja tena, neno la kwanza zima tangu Jumapili ile ya chai.

"Mka… mkanda."

"Mkanda?" Wembe alimgeukia Jeli. "Mkanda gani?"

Jeli alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Hakuna anayeondoka kabla ya kufunga mkanda, Fundi. Hujajifunza tu? Anasema ufuate utaratibu. Uje na wazee wako."

Wembe aliruka juu, akapapasa mifuko, akapata simu, ikamponyoka, akaiokota. "Mjomba! Acha hiyo rangi! Acha makopo yote, fua kanzu! Ndiyo, leo! Sijui kesho, wao ndio watasema!"

Baba aliegemeza kichwa kitini. Alifumba macho, kama mtu aliyemaliza somo refu, na mkono wake wa kushoto ukashuka tena juu ya kiti.

Ko-ko.